Mtihani wa Usikivu

Msomaji ambaye hajawahi kufika nchi ya Shwari asijilaumu. Hata waliotoka huko hawana hamu ya kurudi. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na haina kijana hata mmoja asiye na kazi. Hili la kazi si porojo za vijiweni. Lilisomwa kwenye taarifa ya habari, likarudiwa asubuhi kwa wale waliolala mapema, na bwana mmoja aliyepiga simu redioni kuuliza kazi zenyewe ziko wapi alipatiwa kazi siku hiyo hiyo. Gari lilimfuata mpaka mlangoni ili asichelewe kuianza.

Katika mji wa Kitopeni, huko huko Shwari, palikuwa na shule ya sekondari, na katika shule hiyo alikuwepo mwalimu aliyeitwa Salome Kihwelu. Yeye hakufundisha hesabu wala historia. Alikuwa mwalimu wa ushauri. Kazi yake ilikuwa kukaa na wanafunzi wa kidato cha sita, mmoja mmoja, akawauliza wanataka kuwa nani, kisha akawaonyesha njia ya kufika huko. Aliipenda kazi hiyo kama watu wengine wanavyopenda kuimba. Ukutani mwa ofisi yake alikuwa amebandika picha: rubani, daktari wa meno, mhandisi, wakili, mtaalamu wa udongo, mwandishi wa habari.

Basi kila mwaka Wizara ya Kesho ilimpigia simu mkuu wa shule kuagiza picha moja iondolewe. (Huko Shwari wizara ya elimu na wizara ya ajira ziliunganishwa, zikaitwa Kesho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku majibu yake yote hutolewa.) Rubani alibanduliwa ndege ya taifa ilipouzwa. Wakili alibanduliwa baada ya wakili mmoja kushinda kesi. Mwandishi wa habari hakungoja agizo. Asubuhi moja Mwalimu Salome alifungua ofisi akakuta pale alipokuwa pamebaki gundi tu. Mwaka ninaousimulia, ukuta ulikuwa mtupu, na wanafunzi walioingia kuomba ushauri walikuwa wakiutazama ule ukuta kwa adabu, kisha wakamtazama mwalimu.

Ndipo waziri alipokuja.

Alikuwa Mheshimiwa Dakta Lubango, mtu mnene mwenye sauti nyororo, ambaye udaktari wake alijitunuku mwenyewe katika hafla fupi isiyo na makuu. Shule ilipigwa chokaa upande ule ambao msafara ungepita. Wanafunzi walipangwa kwa urefu, na wale waliokohoa waliambiwa wabaki nyumbani.

"Vijana wangu," alianza waziri, "dunia nzima inahangaika kuwafundisha watoto kusema. Kusema mbele za watu, kusema kwa kujiamini, kusema lugha za kigeni! Na matokeo yake mnayasikia wenyewe: makelele. Serikali yenu imefanya utafiti wa kina, ikagundua kwamba wasemaji tunao wa kutosha. Mimi mwenyewe nipo. Tunachopungukiwa ni wasikilizaji. Kwa hiyo nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba tumefungua Chuo Kikuu cha Usikivu. Fani zote zipo. Kuna usikivu wa majumbani, usikivu wa sokoni, usikivu wa nyumba za ibada, na kwa wenye vipaji maalumu, usikivu wa wanaoweweseka usingizini."

Watu walipiga makofi. Waziri akaeleza utaratibu wa kujiunga. Kila mtahiniwa angepangiwa mtu wake wa karibu, na huyo mtu angeitwa "somo". Mtahiniwa angemsikiliza somo lake bila kumwambia, kwa muda usiozidi muhula mmoja, halafu angesimama mbele ya jopo aeleze alichosikia. Atakayefaulu angepewa nafasi chuoni, chumba chenye umeme, na kibali cha kusafiri popote nchini hadi mpakani, kitu ambacho watu wengi wa Kitopeni hawajawahi kukiona kwa macho.

"Na watakaofeli, mheshimiwa?" aliuliza mkuu wa shule, Bwana Ngwatu, kama alivyoelekezwa kuuliza.

"Shwari hakuna anayefeli, mkuu," alijibu waziri akicheka. "Kuna wanaopenda mawe."

Hao walipelekwa Gomba, kwenye Chuo cha Ufundi wa Mawe. Kundi la kwanza, la wahitimu wa mwaka uliotangulia, lilikuwa limeshakwenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi likizo. Wizara ilieleza kwamba ni kwa jinsi walivyoyapenda. Mwalimu Salome alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alihisi kijibaridi kikimpita mgongoni, akajiambia ni upepo wa feni, na ingawa pale uwanjani hapakuwa na feni, akapiga makofi pamoja na wenzake.

Akakabidhiwa somo jipya la usikivu alifundishe. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari, alilifundisha vizuri. Aliwafundisha vijana namna ya kukaa mahali mpaka watu wasahau kwamba wapo. Aliwafundisha kupiga chafya bila kupoteza sentensi ya mtu. Aliwafundisha kuuliza swali ndani ya mwayo, ili anayeulizwa adhani ni uchovu tu unaosema. Wanafunzi waliinua mikono, wakauliza, wakafanya mazoezi wawili wawili. Jioni akisahihisha daftari alijisemea kwamba yeye hakuutunga mtaala huu, na kwamba, liwalo lote, ni afadhali kuliko mawe.

Muhula haujafika katikati, mji ulianza kunywea. Kinyozi aliacha kuuliza wateja habari za nyumbani. Sokoni watu walipatana bei kwa vidole. Mchungaji alihubiri Jumapili mbili mfululizo kuhusu umuhimu wa kufika mapema, basi. Kwa muda watu walijificha kwenye mazungumzo ya hali ya hewa, mpaka mama mmoja aliposema kwamba mawingu haya yamekaa sana na hayaleti mvua, mpwa wake akalipeleka neno hilo mbele ya jopo, jopo likauliza ni mawingu gani hasa anayoyasema. Baada ya hapo hali ya hewa nayo ikaachwa.

Mahali pekee palipochangamka ni kwenye mashine ya kusaga, nyuma ya shule, kwa sababu ya ngurumo yake. Pale mtu aliweza kumpigia mwenzake kelele sikioni na mtu wa tatu asiambulie kitu. Foleni ilikuwa ndefu tangu asubuhi. Watu walikuja kusaga unga uliokwisha kusagwa.

Wa kwanza kufaulu alikuwa kijana Bonifasi, mtoto wa muoka mikate. Alipata alama za juu. Ilifanyika sherehe ukumbini, akavishwa mkanda wa kijani begani, na mama yake akapigwa picha akiwa ameshika ua. Baba yake hakuwepo pichani. Yeye ndiye aliyekuwa somo. Tangu siku hiyo Kitopeni haikuwa na mkate, na hakuna aliyeuliza kwa nini, si kwa sauti.

Sasa palikuwa na msichana anaitwa Stumai Lukindo. Aliishi na bibi yake, na bibi huyo alikuwa kiziwi na bubu tangu kuzaliwa, hivyo Wizara ilipokuja kupanga watahiniwa iliona kwamba nyumbani kwa Stumai hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Ikampangia mtu mwingine aliyekuwa karibu naye. Ikampangia Mwalimu Salome.

Mwalimu hakuambiwa, bila shaka. Aliona tu Stumai ameanza kuja ofisini kila mchana kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Msichana huyu alikuwa na kila kipaji isipokuwa kile kilichotakiwa. Alikuwa na mdomo mwepesi. Alisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyemzalisha kwa mikono yake mwenyewe, kitoto kilitanguliza miguu, ikabidi akigeuze. Alisimulia jinsi anavyotaka kuwa mkunga, na jinsi bibi yake anavyomwelewa kwa kumtazama midomo. Kila aliponyamaza, kimya kilimuwasha kama upupu, akaanza tena.

Mchana mmoja, katikati ya habari za mbuzi, akapiga mwayo mpana na ndani yake akauliza:

"Eti Mwalimu, hivi… aah… serikali yetu unaionaje?"

Mwalimu Salome alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka mezani taratibu. Aliujua mwayo ule. Aliufundisha mwenyewe, na moyoni, hata kabla hofu haijafika, mwalimu aliyekuwa ndani yake aliona kwamba mtoto ameufungua mdomo mapema mno.

"Ninaiona nzuri sana," akajibu.

"Sana?"

"Mno."

Stumai akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akarudi kwenye mbuzi wake. Na hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka muhula ukakaribia kwisha: mmoja akipiga miayo, mwingine akimwaga sifa. Mwalimu aliisifu barabara ya mji, ambayo haikuwepo. Aliisifu sauti ya waziri. Alidhani anawaokoa wote wawili.

Ndipo Bwana Ngwatu alipomwita. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwoga mwenye roho nzuri, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimemtoa mvi. Alifunga mlango, akafungua bomba la maji la kunawia mikono mpaka mwisho, kisha akasema ndani ya mlio wa maji:

"Mwalimu, yule binti wako hana kitu."

"Hana kitu kivipi, mkuu? Si amesikiliza?"

"Amesikiliza sifa. Wizara imekagua daftari lake, ikasema sifa si taarifa. Sifa wanazo za kutosha redioni." Akajifuta jasho. "Mtihani ni wiki ijayo. Lori la Gomba linakuja siku hiyo hiyo, ili kusiwe na usumbufu."

"Mkuu, wale waliokwenda Gomba wanaendeleaje?"

"Vizuri."

"Umejuaje?"

"Hawajalalamika," alisema Bwana Ngwatu, akafunga bomba.

Mwalimu Salome alizunguka na jambo lile siku nzima. Akafikiria kumtorosha msichana, lakini bila kibali asingevuka hata kizuizi cha kwanza. Akafikiria kumwambia ataje mtu mwingine, akawapitisha watu wa mji mmoja mmoja kichwani, kinyozi, mchungaji, mkuu wa shule mwenyewe, na kila aliyemfikia alimwona ameketi kwenye kiti cha somo. Mwishowe akabaki na mtu mmoja. Akashangaa kuona kwamba alipofika hapo roho yake ilitulia.

Akachukua debe la unga, akamwambia Stumai wafuatane kwenye mashine.

Walisimama nyuma ya kibanda, kwenye ngurumo, vumbi jeupe likiwatua nyusini.

"Najua mimi ni somo lako," mwalimu alimwambia sikioni.

Stumai alimtazama. "Nisamehe, Mwalimu. Sikuomba. Nitawaambia umeisifu nchi, nitakwenda kwenye mawe, basi."

"Huendi kwenye mawe. Sikiliza. Shule hii haiwaandai watoto kwa maisha yao. Inawaandaa kuwala wenzao. Na mimi nimekuwa nikifundisha hivyo nikijua."

"Mwalimu! Usiseme hivyo!"

"Nimeshasema. Umesikia? Basi utakwenda kuwaambia hivyo hivyo."

Stumai akakataa kwa kichwa, akalia, unga ukamfanyia michirizi mashavuni. Lakini mwalimu alikuwa ameandaa vijana kwa usaili miaka mingi na alijua namna ya kumshika mtoto anayeogopa. Akamsimamisha wima. Akamfundisha aweke wapi mikono, aangalie wapi, aseme polepole, asimalizie sentensi chini chini. Yeye mwenyewe akawa jopo. "Somo lako alisema nini?" alimuuliza kwa ukali. Stumai akajaribu, sauti ikakwama. Akajaribu, ikatoka. Mpaka gunia la tatu la watu wengine linakwisha kusagwa, alikuwa akilisema bila kukwama, na Mwalimu Salome akajikuta amemwambia "Vizuri sana," kama zamani.

"Ukifaulu watakupa kibali," akamwambia mwishoni, akimkaribia zaidi. "Usiende chuoni kwao. Panda basi mpaka daraja la Mto Ruvi. Siku ya gulio walinzi wanakula na wafanyabiashara, hawatazami. Watu wetu wengi wamepita pale, yule mke wa muoka mikate naye anajiandaa kupita. Ng'ambo kuna hospitali ya masista, wanafundisha ukunga. Waambie nimekutuma mimi."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi nimeshasoma," alijibu.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Jopo lilikaa jukwaani, na katikati yake aliketi Afisa Gwao, bwana mpole mwenye leso nyeupe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Upande wa kushoto kiliwekwa kiti chenye kibao SOMO, na Mwalimu Salome akaelekezwa akae hapo. Alikuwa amevaa gauni lake zuri. Wazazi walikaza macho sakafuni.

Stumai alipanda jukwaani. Akasimama wima, mikono pembeni. Akasema. Alisema kila neno, polepole, bila kushusha sauti mwishoni, na lilipofika lile la kuwala wenzao ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Mwalimu Salome alihisi machozi yakimlenga, na naona aibu kusema, lakini yalikuwa ya fahari.

"Vizuri," alisema Afisa Gwao. "Umemaliza?"

"Ndiyo, bwana."

Afisa hakuandika kitu. Alimmiminia msichana maji kwenye bilauri, akamsogezea. Kisha akatulia. Akamtazama Stumai kwa upole, kama mjomba, asiseme neno. Wajumbe wengine nao wakatulia. Kimya kikakaa. Nje mtu aliita mbwa, akaacha. Mwalimu Salome akaona vidole vya Stumai vimeanza kuchezea pindo la sketi, akajua, akakohoa kwa nguvu. Askari aliyesimama nyuma yake akamwekea mkono begani.

"Lakini si mtu mbaya," Stumai akaropoka.

"Hapana, si mbaya," afisa alikubali.

"Ananipenda kama mtoto wake. Hana ubaya na mtu. Hata… hata chuo amenitafutia, cha ukunga, kwa kuwa anajua ninavyotaka kuzalisha."

"Amefanya vizuri. Ni chuo gani hicho? Maana hapa nchini hatuna."

Stumai akamtazama mwalimu wake. Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa amekwisha anza kumtetea mtu anayempenda, na afisa alikuwa akimsubiri kwa uso ule wa huruma, na kimya kilikuwa kimerudi tena, kizito kuliko kile cha kwanza. Akasema masista. Afisa akaitikia kwa kichwa. Akasema ng'ambo. Akasema daraja. Akasema siku ya gulio, na walinzi, na mke wa muoka mikate, akizidi kueleza ili waone kwamba ni wema tu, wema mtupu, mpaka mwenyewe akasikia anachokisema, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwenye safu za katikati mama mmoja aliinuka kimya kimya kuelekea mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

Stumai alipewa alama zote. Haijawahi kutokea kabla wala baada yake. Mheshimiwa waziri mwenyewe alikuja kumvisha mkanda wa kijani, na Stumai alipolia hadi akashindwa kusimama, waziri aliwaeleza waandishi kwamba hayo ni machozi ya furaha ya kijana anayeiona kesho yake. Jioni redio ilitangaza kwamba daraja la Mto Ruvi limefungwa kwa matengenezo. Lilitengenezwa kwa baruti. Shule ilipewa kombe, na Bwana Ngwatu akalipokea kwa mikono yote miwili, kwa niaba ya mwalimu wa ushauri ambaye, kama tangazo lilivyosema, alikuwa safarini kimasomo.

Lori lilimshusha Gomba asubuhi. Lilikuwa bonde jeupe, halina mti, limejaa mlio wa nyundo. Mwalimu Salome alishuka akijishika kiunoni, akajikinga macho na mwanga. Alidhani waliokuwa wameinama kule chini ni wazee, kwa vile migongo yao ilivyopinda. Kisha nyundo moja ikanyamaza, na ya pili, na nyuso zikainuka. Ziliinuka safu kwa safu, na yeye alizijua zote.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema kwa pamoja, kwa mazoea.

"Marahaba," alijibu.

Mmoja akamkaribia, akichechemea. Alikuwa Kassian, kijana wa mwaka jana, yule aliyewahi kumwambia anataka kusomea udongo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa vidole havikuwa vyote.

"Ulituambia huku kuna ufundi," alisema. Hakusema kwa hasira.

"Niliwaambia."

"Ulikuwa unajua?"

Mwalimu Salome alitafuta jibu, kama alivyowahi kuwatafutia majibu watoto wengi ofisini kwake. Msimamizi alikuwa akishuka mteremko kuja kwao.

"Sikuuliza," akasema.

Kassian akainama, akaokota nyundo iliyolala pale chini, akaigeuza ili mpini uelekee kwa mwalimu, akampa. Akamshika kifundo cha mkono, akamsogeza vidole kimoja kimoja hadi vikakaa mahali pake.

"Shika hapa, Mwalimu, si huko mwisho. Usilitazame jiwe, tazama pale unapotaka lipasuke. Na kidole gumba kiweke huku nyuma, ukikisahau kinakwenda." Akatazama juu, akaona msimamizi amekaribia, akashusha sauti. "Haya, piga. Nitakuangalia."

Mwalimu Salome akainua nyundo.